Lenzi inayopumua si ruhusa ya kulala nayo

"Dada, hizi za siku hizi si zinapumua? Nikilala nazo kuna ubaya gani?" Mdogo wangu ameniuliza hivyo, wenzangu kazini wameniuliza hivyo, na karibu kila anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni. Kasoma kwenye boksi kwamba lenzi inapitisha oksijeni kwa wingi, basi kwake hoja imekwisha. Mimi navaa lenzi za macho, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani, miaka mingi sasa, bila hizo siwezi kusoma bango lililo mbele yangu, kwa hiyo siandiki kuwatisha watu wavue. Ila jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka kulisikia, na nimechoka kulirudia mdomoni.

Kwa ufupi ni hivi: kukosa hewa kulikuwa tatizo la kweli, na kwa sehemu kubwa limetatuliwa. Vidonda vinavyopofusha watu havikuondoka nalo.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, mbele ya mboni. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, na bado ndiyo inayofanya takriban thuluthi mbili za kazi yote ya kupinda mwanga ili picha iangukie mahali pake. Ili mwanga upite bila kukwama, haina mshipa wa damu hata mmoja. Kiungo kisicho na damu lazima kijitafutie oksijeni kwingine, na konea huichukua moja kwa moja hewani, ikiwa imeyeyuka kwenye machozi. Sukari yake inatoka upande wa nyuma, kwenye maji yaliyomo ndani ya jicho. Ukifumba macho kulala, hewa imebaki nje. Konea inategemea mishipa midogo iliyo upande wa ndani wa kope, na oksijeni inayoifikia hushuka mpaka karibu theluthi moja ya ile ya macho yakiwa wazi. Ndiyo maana hata mtu asiyejua lenzi ni kitu gani huamka konea yake imevimba kwa asilimia 3 au 4. Akifumbua macho, uvimbe unaisha wenyewe, wala hajui kama ulikuwepo.

Sasa juu ya hapo weka plastiki.

Waliotangulia waliweka vioo kabisa. Adolf Fick, daktari wa macho Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi, aliandika mwaka 1888 kuhusu vioo alivyowavalisha sungura, kisha akajivalisha mwenyewe, kisha wagonjwa. Baada ya saa chache mvaaji alianza kuona ukungu, na kila taa ikawa na duara za rangi kuizunguka. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata August Müller, aliyekuwa akisomea udaktari Kiel, Ujerumani, na ambaye mwenyewe hakuona mbali hata kidogo, alijitengenezea vyake. Hata baada ya kutia jicho ganzi kwa kokeini hakuweza kustahimili zaidi ya nusu saa hivi. Baadaye akaachana na macho, akahamia kwenye mifupa, nami simlaumu.

Ukungu ule ulisumbua watu zaidi ya miaka 60. Mwaka 1952 mtafiti George Smelser na mwenzake Ozanics walionyesha kiini chake kwa njia nyepesi ya kupendeza: miwani iliyozibwa pande zote, na ndani yake inapitishwa gesi isiyo na oksijeni. Ukungu ulikuja uleule, duara za rangi zilezile, ilhali hakuna lenzi iliyogusa jicho. Tatizo halikuwa uzito wa kioo wala kusuguana kwake. Jicho lilikuwa linanyimwa hewa.

Wakati huo lenzi zilizotamba zilikuwa za plastiki ngumu iitwayo PMMA, ambayo oksijeni haipenyi ndani yake kwa kiasi cha kutajika. Zilivumilika kwa sababu tangu mwaka 1948, Kevin Tuohy alipoleta lenzi ndogo inayokaa juu ya konea peke yake, kila ukipepesa macho lenzi ilicheza na machozi mapya yakaingia chini yake. Mvaaji alikuwa anapumua kwa kupepesa. Kisha akaja Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, ambaye mwishoni mwa mwaka 1961 alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake kwa mtambo alioungaunga kutokana na vyuma vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Mwaka 1971 lenzi laini ziliruhusiwa kuuzwa Marekani, na dunia ikasahau mateso ya plastiki ngumu. Lakini kitu kikiwa laini hakiwi na hewa kwa sababu ya ulaini wake. Lenzi hizo za mwanzo zilipitisha oksijeni kupitia maji yaliyomo ndani yake tu, na maji yana mwisho.

Konea ikikosa oksijeni haifi, inabadilisha njia ya kupika nishati. Inaivunja sukari bila oksijeni, na njia hiyo huacha asidi ya laktiki. Asidi hiyo inajikusanya katika tabaka nene la katikati na kuvuta maji, konea inavimba. Aliyelala na lenzi laini za zamani aliweza kuamka na uvimbe wa zaidi ya asilimia 10. Hilo ni la usiku mmoja. Ya miaka ni mengine. Seli za juu, ambazo kwa kawaida hujibadilisha zote ndani ya wiki moja hivi, zinapunguza mwendo na kuwa nyembamba, na ndani yake kunatokea vijishimo vidogo mno vinavyoonekana kwa darubini tu. Huko nyuma kabisa kuna safu moja ya seli ambazo kazi yake ni kusukuma maji yatoke kwenye konea saa zote. Seli hizo kwa binadamu hazizaliwi upya, unazeeka na ulizonazo. Kwa wavaaji wa muda mrefu wa lenzi zenye hewa kidogo, seli hizo hupoteza umbo lao linalolingana: nyingine zinakuwa kubwa, nyingine ndogo.

Dalili ninayoiheshimu kuliko zote ni mishipa. Konea ikilia njaa ya oksijeni kwa muda mrefu, mwili unafanya unachokijua: unatuma damu. Vimishipa vinachipuka kutoka ukingoni, pale weupe wa jicho unapokutana na konea, na kuanza kutambaa kuelekea katikati. Vikiachwa vinaweza kufika mbele ya mboni, mahali ambapo hakukuwa na mshipa tangu unazaliwa. Halafu lipo la kesho na keshokutwa: siku mtu huyo akihitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine, konea iliyoingia mishipa ya damu ina hatari kubwa zaidi ya kukataa kipandikizi, kwa kuwa sasa kinga ya mwili ina barabara ya kufika pale.

Vyangu nimeviona. Mtaalamu wangu wa macho ana darubini yenye taa ya mwanga mwembamba kama mstari, unaweka kidevu kwenye kibao na paji la uso kwenye mkanda, naye anaupitisha mstari ule juu ya jicho taratibu. Picha inatokea kwenye skrini pembeni. Upande wa juu, chini ya kope, palikuwa na vitawi vyembamba vimeingia kidogo ndani ya konea na kujikunja, masalia ya lenzi nilizovaa ujanani. Havina damu tena, akaniambia, vimebaki mirija mitupu, na ningerudi kwenye lenzi zisizopitisha hewa vingejaa upya haraka kuliko mara ya kwanza. Sikuwa nimewahi kuhisi chochote. Kisha akagusisha ndani ya kope la chini karatasi nyembamba yenye rangi ya fluoresini (lenzi zilishatolewa, kwa sababu rangi hiyo hunywewa na lenzi laini na haitoki kirahisi), akazima taa, akawasha mwanga wa buluu. Palipo na seli zilizochubuka pakang'aa kijani. Kwangu palikuwa na vitone vimejipanga upinde chini ya mboni, ule ukanda ambao kope haliufikii vizuri mtu akiwa ameganda mbele ya kompyuta anapepesa nusunusu. Lenzi inakauka hapo, na konea iliyo chini yake inakauka nayo.

Nilishangaa sana kwamba hapakuwa panauma. Konea ni miongoni mwa sehemu zenye neva nyingi kupita zote mwilini. Chembe ya mchanga inaweza kukusimamisha barabarani. Lakini miaka ya lenzi, hasa ngumu za zamani, inaupunguza wepesi huo wa kuhisi. Kwa hiyo mtu anaposema "mimi zangu hazinisumbui kabisa", kwangu hiyo ni habari ya starehe yake, si habari ya konea yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Turudi kwenye hewa. Mwaka 1984 watafiti Brien Holden na George Mertz walipima na kusema lenzi ipitishe oksijeni kiasi gani ili konea isivimbe kupita kawaida: kwa mvaaji wa mchana kipimo kiwe angalau 24, kwa anayelala nazo 87. Usijali ni vipimo vya nini, tazama tofauti yake. Lenzi laini za wakati huo hazikuikaribia hiyo ya pili. Ilichukua mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, zilipotoka lenzi za silikoni haidrojeli, yaani plastiki laini yenye maji iliyochanganywa na silikoni. Silikoni yenyewe inapitisha oksijeni kuliko maji, na ghafla kizingiti cha 87 kikavukwa kwa mbali. Macho yaliyokuwa mekundu ukingoni yakawa meupe. Vijishimo vikapungua. Mishipa ikafifia. Ulikuwa ushindi wa kweli, na lenzi ninazovaa leo ni za aina hiyo.

Watu wengi wakatarajia vidonda vya konea navyo vingekwisha. Havikwisha.

Marekani iliruhusu mwaka 1981 lenzi za kulala nazo hadi siku 30 mfululizo. Vidonda vilivyofuata vilifanya watafiti wahesabu, na mwaka 1989 hesabu ikatoka: kwa wavaaji wa lenzi laini za mchana, watu 4 hivi kati ya 10,000 kwa mwaka walipata kidonda cha konea; kwa wavaaji wa lenzi za kulala nazo, karibu 21. Mwaka huohuo kikomo kikashushwa kutoka siku 30 hadi 7. Sawa, hizo zilikuwa zama za hewa haba. Lakini mwaka 2008 ukatoka utafiti wa Australia uliokuwa na nafasi ya kuhesabu wavaaji wa silikoni. Waliolala na lenzi laini za zamani: 19.5 kati ya 10,000. Waliolala na zile mpya zinazopumua: 25.4. Waliovaa lenzi ngumu za kisasa mchana tu walikuwa karibu 1.2. Huhitaji kuwa mtakwimu kuona kwamba hewa iliongezwa mara kadhaa na vidonda vikabaki palepale.

Maelezo yanaanza na jambo ambalo lingepaswa kujulikana zaidi: konea nzima haiambukizwi kirahisi. Wanyama wa maabara wamewahi kumwagiwa bakteria wengi wakali machoni, konea ikiwa haina jeraha, na isiugue. Machozi yana vimeng'enya vinavyopasua bakteria, kope linafagia kila sekunde chache, na ngozi ya juu ya konea imefungamana barabara. Lenzi ikikaa hapo, hasa macho yakiwa yamefumbwa, inayavuruga yote kwa pamoja. Chini yake kuna tabaka jembamba la machozi lisilobadilishwa, limejaa takataka za seli zilizokufa, na bakteria aliyepanda na lenzi kutoka kidoleni anabaki hapo usiku kucha akiwa ameshikizwa kwenye konea hiyohiyo. Huyo anayeogopwa kuliko wote anaitwa Pseudomonas aeruginosa. Anaishi popote penye unyevu, na akiingia anaweza kuila konea ndani ya saa 24 hadi 48. Oksijeni kupenya kwenye plastiki haimbughudhi. Machozi yaliyotuama yanamfaa, na lenzi inayopumua inayatuamisha sawasawa na isiyopumua. Lenzi ngumu zina nafuu hapa kwa sababu ndogo ya kimakanika: zinacheza, machozi yanapita. Hakuna anayezitaka kwa sababu zinakera wiki za mwanzo, na nadhani tumezidharau kupita kiasi.

Usingizi wa mchana nao ni usingizi, kwa anayejiuliza.

Baada ya usingizi, adui wa pili ni maji. Hapa nakutana na ubishi mkubwa kuliko kwenye kulala, kwa sababu maji tumefundishwa kuwa ndiyo usafi. Katika maji ya bomba, ya kisima, ya bwawa la kuogelea, kuna amiba aitwaye Acanthamoeba. Kwa mtu wa kawaida hana madhara, tunaoga naye, tunanawa naye. Akiona hatari anajifungia ndani ya gamba gumu, na gamba hilo linahimili klorini ya kawaida ya maji. Lenzi laini ikilowa maji hayo inambeba na kumweka kwenye konea. Ugonjwa wake unauma kupita kile daktari anachokiona kwa macho, mara nyingi mwanzoni hudhaniwa kuwa kirusi cha malengelenge ya jicho, na tiba yake ni matone ya dawa usiku na mchana mwanzoni, kisha yanaendelea miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wengi mno wa wanaougua ni wavaaji wa lenzi. Kwa hiyo kusuuza lenzi kwa maji ya bomba, hapana. Kuoga nazo, kuogelea nazo, hapana. Mate, ambayo nimeona watu wakiyatumia mbele za wenzao bila haya, hapana kabisa.

Ila maji yanayosahaulika ni yale ya ndani ya kikasha cha kuhifadhia lenzi. Chukua kikasha chako sasa hivi, mwaga dawa iliyomo, pitisha kidole safi chini. Ukihisi utelezi kama wa ndani ya mtungi uliokaa na maji muda mrefu, huo ni utando wa bakteria, wamejijengea ukuta na dawa haiwafikii vizuri. Utando huo hauondoki kwa kusuuza, unaondoka kwa kusugua, na kikasha chenyewe kinapaswa kutupwa angalau kila miezi 3. Dawa ya jana haiongezewi ya leo. Mwaka 2006 dawa moja ya kusafishia lenzi iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya mlipuko wa kuvu waitwao Fusarium kwenye konea za wavaaji. Mazoea ya kujaziajazia yaliwekwa miongoni mwa mambo yaliyochangia, kwani dawa iliyokaa na kukauka kikashani inapoteza makali. Mwaka uliofuata dawa nyingine ya kampuni nyingine iliondolewa kwa sababu ya Acanthamoeba. Tangu hapo ushauri umekuwa kusugua lenzi kwa vidole hata kama chupa inasema "bila kusugua". Lenzi za siku moja ndizo zinazonipunguzia mzigo wote huu: jioni zinaenda kwenye taka, kikasha hakipo. Nazo si kinga kwa anayelala nazo, wala kwa anayeivaa ya jana.

Lenzi za rangi za urembo nitazigusa kidogo. Jicho halitambui kwamba hii ni ya harusi tu. Marekani kwa sheria ya mwaka 2005 iliziweka zote kwenye kundi la vifaa vya tiba, hata zisizorekebisha uoni, kwa sababu konea inaumizwa na lenzi isiyolingana na mpindo wake vilevile. Kuazimana, hasa kwa mabinti kabla ya sherehe, ni kuazimana bakteria.

Ningekuwa mwongo nikiishia kwenye ubaya. Kuna konea zinazookolewa na lenzi. Aliye na keratokonasi, ugonjwa wa konea kuchongoka na kuwa nyembamba, miwani humfaa kidogo, lakini lenzi ngumu inamtengenezea uso mpya laini wa kupokea mwanga. Lenzi kubwa zinazoegemea weupe wa jicho na kubeba maji safi juu ya konea zimewaepusha wengi na upasuaji. Zile za Fick zilikuwa za umbo hilohilo, kwa kioo. Konea iliyochubuka nayo wakati mwingine hufunikwa na lenzi laini kama bandeji, kope lisiikwaruze ikipona. Wagonjwa hao hulala nazo kwa amri ya daktari, wakiwa na dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Mtu akiniambia "mbona fulani analala nazo", mara nyingi ni hao.

Ikitokea jicho limekuwa jekundu, linauma, mwanga unalichoma au pameingia ukungu, lenzi inatoka papo hapo na hairudi mpaka jicho lionwe. Si kesho kutwa. Matone yaliyobaki ya mwaka jana yasiguswe, zaidi yale yenye steroidi: yanafuta wekundu na kumwacha mdudu akila kwa raha. Matone ya ganzi nayo, hata mtu akikupa kwa huruma, yanazuia konea kupona. Jicho lenye uchafu lisifungwe bandeji, joto la chini yake ni neema kwa bakteria. Na lenzi uliyoivua usiitupe. Irudishe kwenye kikasha kilekile, bila kukiosha, ubebe pamoja na chupa ya dawa umpelekee daktari, kwa sababu kipande kinachokwanguliwa kwenye kidonda ni kidogo mno, na mara nyingine maabara inashindwa kuotesha kitu kutoka kwenye jicho lakini inampata mhalifu kwenye kikasha.